Jicho Lipi Lingoje Kambi, na Lipi Lisingoje

Kila mwaka, Oktoba inapokaribia, barua zinazohusu macho huongezeka katika safu hii, na nyingi kati yake huuliza jambo moja: upimaji wa bure utafanyika lini na wapi. Safari hii tumechagua saba. Katika kuzijibu nimetaja siku na mahali ninapopafahamu, lakini nimejitahidi zaidi kutenganisha macho yanayoweza kusubiri siku iliyotangazwa na macho ambayo kila juma la kusubiri huyaondolea kitu kisichorudi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu wengi wanaofika kambini wakiwa wamechelewa hawakuchelewa kwa uzembe. Walichelewa kwa kuwa waliambiwa wangoje.

Shikamoo Daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 68, na tangu mwaka jana anaona ukungu katika macho yote mawili. Hawezi tena kuchagua mchele, na jioni hamtambui mtu hadi asikie sauti yake. Majirani wanasema ni mtoto wa jicho, na kwamba mwezi wa kumi kuna siku ambayo watu hupimwa bure. Je, nisubiri hadi wakati huo, au kuna dawa ya matone ya kumsaidia kwa sasa?
*Binti wa Korogwe*

Marahaba, mwanangu. Siku wanayoizungumzia majirani ni Siku ya Uoni Duniani, ambayo huadhimishwa Alhamisi ya pili ya Oktoba, na mwaka huu wa 2026 itaangukia tarehe 8. Ilianza mwaka 1998 kwa juhudi za Lions Clubs, na siku hizi inaratibiwa na muungano wa kimataifa wa mashirika yanayozuia upofu, IAPB. Katika siku zinazoizunguka, hospitali nyingi na halmashauri hufungua milango kwa upimaji, na baadhi huandaa kambi za upasuaji. Taarifa zake kwa kawaida hupitia redio za mikoa, misikiti, makanisa na ofisi za kata, na mtu wa kumuuliza kabla ya wengine wote ni mratibu wa huduma za macho wa wilaya yako, ambaye hupatikana katika hospitali ya wilaya.

Kuhusu matone, jibu ni fupi: hakuna dawa ya matone, ya kienyeji wala ya dukani, iliyothibitika kuondoa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo kwa kawaida ni angavu; umri unapokwenda, lenzi hiyo hufifia kama kioo cha taa ya chemli kilichoshika masizi, na mwanga hushindwa kupita. Tiba yake ni kuitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia mahali pake. Upasuaji hufanyika kwa ganzi ya jicho tu, mgonjwa akiwa macho na anasikia anachoambiwa, na mikononi mwa mtaalamu aliyezoea huchukua muda usiofika nusu saa. Mara nyingi kidonda chake ni kidogo kiasi kwamba hakishonwi. Siku ya pili kibandiko hufunguliwa, na wapo wazee ambao hapo ndipo wanapoiona kwa mara ya kwanza sura ya mjukuu wao.

Je, mama angoje? Ikiwa kweli ni mtoto wa jicho peke yake, majuma kadhaa hayataharibu matokeo ya upasuaji. Lakini neno la majirani halitoshi, kwa sababu nyuma ya ukungu huo panaweza kujificha presha ya macho au madhara ya kisukari, na hayo hayangoji. Kwa hiyo mpeleke sasa akapimwe, na tarehe ya upasuaji ndiyo ipangwe kwa kambi ikiwa itawapunguzia gharama. Ninyi wa Korogwe mko katikati ya njia mbili nzuri, kwani upande mmoja kuna Hospitali ya Bombo jijini Tanga na upande wa pili kuna KCMC mjini Moshi. Umri wake unazidi miaka 60, kwa hiyo kama familia haina uwezo, ulizeni kijijini na katika halmashauri kuhusu kitambulisho cha msamaha wa matibabu kwa wazee kabla ya kuanza safari, kwa kuwa kukitafuta mkiwa tayari dirishani huchosha na mara nyingine hushindikana.

Mkipata nafasi kambini, waulizeni wahudumu maswali mawili bila haya: ni nani atakayemwona mama siku inayofuata na baada ya majuma kadhaa, na aende wapi jicho likiuma timu ikishaondoka. Kambi yenye majibu ya maswali hayo ni kambi nzuri. Na jicho lenye ukungu likianza ghafla kuwa jekundu na kuuma sana, pengine pamoja na kichwa na kichefuchefu, msihesabu siku. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu Mhariri, baba yetu alipofuka kwa presha ya macho, na sasa kaka yangu mwenye miaka 47 ameambiwa kuwa jicho lake la kushoto limekwisha kwa ugonjwa huohuo. Mimi nina miaka 41 na naona vizuri kabisa. Mwaka jana nilipimwa kwenye maonesho ya Nanenane, nikasoma herufi zote ubaoni, nikaambiwa sina tatizo. Je, nina haja ya kupimwa tena?
*Mkulima wa zabibu, Dodoma*

Haja ipo, na ni ya sasa. Ubao wa herufi hupima uoni wa katikati, ule tunaoutumia kusoma na kutambua sura. Presha ya macho, ambayo kitaalamu huitwa glakoma, huharibu neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni polepole, bila maumivu wala wekundu, huku jicho moja likifidia upungufu wa lenzake. Mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho wa ubao huku sehemu kubwa ya neva yake ikiwa imeshakufa, na kilichokufa hakifufuliwi na dawa wala upasuaji. Waliokupima kwenye maonesho hawakukudanganya. Walipima walichoweza kukipima mahali pale.

Ugonjwa huu si wa mbali na kwenu. Utafiti uliofanyika vijijini wilayani Kongwa, hapohapo mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwakuta na glakoma watu wapatao wanne katika kila mia miongoni mwa waliofikisha miaka 40. Kwa mtu ambaye mzazi wake na ndugu yake wa tumbo moja wanao, hatari huongezeka mara kadhaa. Kwa hiyo barua yako inakuhusu wewe, inawahusu dada na kaka zako wote, na inawahusu watoto wa kaka yako wakishakuwa watu wazima.

Ukifika kliniki ya macho, sema mara moja kwamba baba na kaka wanaugua glakoma, maana taarifa hiyo inabadilisha namna utakavyopimwa. Vipimo unavyohitaji ni vitatu: kupimwa shinikizo la ndani ya jicho, kuangaliwa neva nyuma ya jicho baada ya mboni kupanuliwa kwa matone, na kupimwa upana wa eneo unaloliona. Usiridhike na cha kwanza peke yake, kwa kuwa wapo wagonjwa wa glakoma ambao shinikizo la jicho lao husomeka kuwa la kawaida. Na presha hii si ile ya damu: mtu anayemeza vidonge vya shinikizo la damu kila siku hajalitibu jicho lake, jambo ambalo watu huchanganya mara nyingi sana. Hapo Dodoma vipimo hivyo ulizia katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au katika Hospitali ya Mvumi, ambako huduma za macho zina historia ndefu.

Tiba ipo, na lengo lake ni kukilinda kilichobaki. Matone hutumiwa kila siku kwa maisha yote, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa chupa huisha, fedha hukosekana, na jicho haliumi la kumkumbusha mtu. Matone yanayopatikana kwa urahisi zaidi ni timololi, ambayo mwenye pumu hapaswi kuyatumia, kwa hiyo mwambieni mhudumu mapema kama kaka yako hubanwa na kifua. Njia nyingine ni mwanga wa leza. Pale KCMC watafiti waliwagawa wagonjwa katika makundi mawili, wengine wakapewa timololi na wengine leza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imefanikiwa katika macho 61 kwa kila 100 yaliyopigwa leza, na 31 kwa kila 100 yaliyotumia matone. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa, kwa sababu ilipatikana kwa wagonjwa wetu, katika hospitali yetu, na inampa kaka yako jambo la kumuuliza daktari wake kuhusu jicho la kulia, ambalo bado linaweza kuokolewa. Wapo pia watakaohitaji upasuaji, na daktari akiutaja msidhani kuwa ameshakata tamaa.

Kila Machi huwa na Wiki ya Glakoma Duniani, na hospitali kadhaa hutumia siku hizo kupima wengi. Waambieni majirani wasio na ugonjwa huu katika ukoo wao waitumie nafasi hiyo. Ninyi msiingoje.

Dokta, mtoto wangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Nikimpiga picha kwa simu, jicho moja hutoa mng'ao mweupe kama la paka, na jingine huwa kawaida. Mama mkwe anasema ni nuru tu. Mwezi ujao madaktari wa macho watakuja kwenye shule ya msingi iliyo karibu nasi. Nimpeleke siku hiyo?
*Mama wa Kilifi*

Mama mpendwa, usingoje siku hiyo. Mpeleke mtoto kesho asubuhi.

Weupe ndani ya mboni ya mtoto mdogo unaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa, na unaweza pia kuwa saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Siwezi kujua ni upi kwa kusoma barua, na hakuna awezaye kujua kwa kutazama picha ya simu. Lazima mboni ipanuliwe na nyuma ya jicho paangaliwe. Saratani hii ikikutwa bado imo ndani ya jicho, watoto wengi sana hupona. Ikiachwa, hupita kwenye neva na kuelekea ubongoni. Na kama itakuwa mtoto wa jicho, bado haraka inahitajika, kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na jicho lisilopata picha safi katika umri huo huzoea kutoona hata likisafishwa baadaye.

Pwani mna Kwale Eye Centre, na Mombasa kuna Lighthouse for Christ Eye Centre. Wakiona haja ya tiba kubwa zaidi watawaandikia rufaa, pengine ya Hospitali ya Kikuyu au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Beba simu yenye zile picha, kwani zitamsaidia daktari, na hakikisha usajili wenu wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali ya Kenya, uko sawa, ila usiache usajili ukucheleweshe hata siku moja. Mama mkwe umwambie kwa upole kwamba kupima hakumdhuru mtoto.

Kwa wazazi wa Tanzania wenye swali kama hili, mahali pa kukimbilia ni hospitali za KCMC, Muhimbili na CCBRT. Makengeza yanayoendelea baada ya mtoto kupita miezi michache ya mwanzo nayo yachukuliwe kwa uzito huohuo. Hayatokani na mtoto kuangalia kitu karibu, na si pambo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 44. Kutunga uzi kwenye sindano sasa ni lazima nimwite kijana. Miwani ya kusomea inauzwa stendi kwa bei ndogo, lakini naambiwa kwamba nikianza kuvaa macho yatalegea na kuitegemea. Ni kweli?
*Fundi, Morogoro*

Si kweli, ndugu yangu fundi. Kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho la kila mwanadamu hukakamaa na kupoteza uwezo wa kujibinya ili kuona vya karibu. Hali hiyo itaendelea uvae miwani au usivae, na ndiyo maana baada ya miaka michache utahitaji yenye nguvu zaidi. Anayekataa miwani halindi macho yake, anapunguza kipato chake. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti miongoni mwa wachuma chai wa Assam nchini India, wote wakiwa na miaka 40 au zaidi, na waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza uzalishaji kwa asilimia 21.7 zaidi ya wenzao ambao hawakuwa wameipata bado. Utafiti mwingine wa Bangladesh, uliotoka mwaka 2024, uliwakuta waliopewa miwani ya namna hiyo wakiwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban theluthi moja. Sindano na uzi havina tofauti kubwa na majani ya chai.

Miwani ya stendi haitakuharibu macho, lakini ina kasoro zake: lenzi zote mbili huwa na nguvu sawa, hali macho ya watu wengi hayalingani, na anayeiuza hawezi kuona kilicho nyuma ya mboni yako. Ushauri wangu ni kwamba utumie haja hii ya miwani kupata kipimo kamili mara moja, pamoja na kupimwa presha ya macho na sukari ya mwili. Kama utakutwa na kisukari, macho yako yatahitaji kuangaliwa kwa ndani kila mwaka hata yakiwa yanaona vizuri; Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, huwa na upimaji wa sukari katika miji mingi, na ni vyema kumuuliza mhudumu siku hiyo kama macho nayo yanaangaliwa.

Nyumba nzima tumepatwa na macho mekundu. Wengine wanasema tuweke maziwa ya mama anayenyonyesha, wengine chai ya rangi, na dukani nimepewa chupa ambayo ilimponya jirani kwa siku moja. Tutumie ipi?
*Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam*

Msitumie hata moja kati ya hizo. Wengi mnakumbuka mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa mwaka 2024, uliotikisa Dar es Salaam na mikoa mingine, kisha ukasikika pia pwani ya Kenya. Ulisababishwa na virusi, na aina hiyo kwa kawaida hupoa yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kinachohitajika ni kunawa mikono mara kwa mara kwa sabuni, kila mmoja kuwa na taulo na mto wake, kusafisha macho kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, na kutofikicha. Maziwa, mkojo, chai na maji ya majani huingiza vijidudu kwenye jicho ambalo tayari limedhoofika, na kidonda cha kioo cha jicho kinachofuata huacha kovu jeupe lisilofutika. Nimeona macho mengi yaliyopofushwa na dawa za nyumbani, wakati ugonjwa wenyewe ungepita salama.

Ile chupa ya jirani inanitia wasiwasi zaidi. Dawa inayong'arisha jicho kwa siku moja mara nyingi huwa na steroidi, kama vile deksamethasoni. Steroidi huficha wekundu bila kuua kijidudu, na ikitumika kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho hata kwa kijana. Someni lebo, na bila cheti cha daktari msiiweke. Nendeni hospitali bila kukawia kama mmojawenu ana maumivu makali, anaona ukungu, hawezi kuvumilia mwanga, amepata doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au ni kichanga wa siku chache anayetoka usaha.

Daktari, nafundisha sayansi shule ya msingi. Nimesoma kwamba mwakani kutakuwa na kupatwa kwa jua. Wazee hapa wanasema walitazama kwa kutumia maji ya beseni na filamu ya eksirei. Nataka wanafunzi waone, lakini sitaki yeyote aumie.
*Mwalimu wa Isiolo*

Mwalimu, nakushukuru kwa kuanza maandalizi mapema kiasi hiki. Kupatwa huko kutatokea Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027. Ukanda wa kupatwa kikamilifu utapita kaskazini mwa Afrika, kisha Misri, ambako karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita, halafu Saudi Arabia, Yemen na ncha ya kaskazini mashariki ya Somalia. Huku kwetu Kenya na Tanzania jua litaonekana limemegwa sehemu tu, mchana. Maana yake kwa wanafunzi wako ni hii: hakutakuwa na hata sekunde moja ambayo ni salama kulitazama jua kwa macho matupu. Wasomaji wetu walioko Jeddah wao wamo ndani ya ukanda wenyewe, na wanaweza kuvua miwani katika zile dakika tu ambazo jua limefunikwa lote.

Beseni la maji, filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, santuri za CD na miwani ya kawaida ya jua havitoshi. Hupunguza ukali wa mwanga kiasi cha mtu kuvumilia kutazama, huku miale inayounguza ikiendelea kupenya, na nyuma ya jicho hakuna hisia ya maumivu. Mtoto hutambua ameungua saa kadhaa baadaye, anapoona doa jeusi katikati ya kila anachokitazama, na doa hilo huweza kubaki. Miwani inayofaa ni ile yenye alama ya kiwango ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu. Ukiivaa chumbani usione chochote, hata taa. Ukiona vitu, hiyo si yenyewe.

Kwa darasa kubwa lisilo na fedha, iko njia ambayo mimi naipenda kuliko miwani. Toboa tundu dogo la sindano kwenye kipande cha boksi, wanafunzi walipe jua mgongo, na mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe: wataona umbo la jua lililomegwa bila kulitazama. Hata chujio la chai au kivuli cha mti wenye majani mengi hutoa mamia ya maumbo hayo ardhini. Watu walikusanyika kwa wingi Pakwach, Uganda, tarehe 3 Novemba 2013, na Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, kwa matukio ya aina hii, na waliofundishwa namna ya kutazama walifurahia bila madhara. Shule zinaweza kuwa zimefungwa siku yenyewe, kwa hiyo wafundishe muhula utakaotangulia, na uwape ujumbe wa kupeleka nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili chuoni alipopoteza uoni wa macho yote. Madaktari wametuambia hautarudi. Anakaa ndani, hazungumzi sana. Je, zipo huduma zozote kwa mtu kama yeye, au ndiyo basi?
*Dada wa Iringa*

Pole sana, dada, wewe na mdogo wako. Huduma zipo, ingawa naandika nikijua kwamba hazijawafikia wote wanaozistahili, na kwamba mara nyingi familia huachwa izitafute yenyewe.

Anzeni na kipimo kimoja ambacho huenda mliruka: kliniki ya uoni hafifu, inayopatikana CCBRT na KCMC. Wengi walioambiwa kuwa wamepofuka bado wana uoni kidogo, hata wa mwanga na vivuli, na kwa vikuzaji, taa iliyowekwa vizuri na mafunzo, uoni huo huweza kutumika. Ikiwa hakuna kilichobaki, basi mlango unaofuata ni Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, chenye matawi mikoani. Humo atakutana na watu waliopoteza uoni wakiwa watu wazima, wakarudi kazini au masomoni, na nadhani mazungumzo na mmoja wao yatamfaa kuliko maneno yangu na yako. Kwa wasomaji wa Kenya, chombo kama hicho ni Kenya Union of the Blind.

Simu aliyo nayo mkononi ni nyenzo ya kwanza. Zile za Android huwa na TalkBack na za iPhone zina VoiceOver, programu zinazosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Huwashwa katika mipangilio bila malipo, na kwenye Android sauti ya Kiswahili inapatikana. Siku za kwanza huchosha, maana kila mguso una namna yake, kwa hiyo asiachwe ajifunze peke yake. Nukta nundu nazo zisidharauliwe kwa sababu simu inasema. Kwa kazi ya hesabu, kwa kuandika na kuhariri, vidole hubaki na nafasi yao. Tarehe 4 Januari, siku aliyozaliwa Louis Braille mwaka 1809, Umoja wa Mataifa huiadhimisha kuwa Siku ya Nukta Nundu Duniani, na vyama vya wasioona hukutana. Kabla ya hapo kuna tarehe 15 Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe, juma moja baada ya Siku ya Uoni. Ulizieni TLB mkoani Iringa kama kutakuwa na matembezi au mafunzo ya kutumia fimbo, kwa kuwa kutembea peke yake hadi dukani ni ujuzi unaofundishwa, na hurudisha heshima ya mtu haraka kuliko jambo jingine ninalolijua.

Kuhusu masomo, asikubali neno la mtu yeyote kwamba yamekwisha. Andikeni barua kwa chuo chake kuomba ahirisho badala ya kufutiwa usajili, mkiambatisha taarifa ya daktari. Baadhi ya vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na mkiona chuo chake hakina, mnaweza kuuliza juu ya uhamisho. Vitabu havipaswi kuwa kikwazo: Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya sauti au nukta nundu kwa ajili ya wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki, kwa hiyo maktaba ya chuo ikiwaambia hairuhusiwi, utajeni mkataba huo kwa jina. Barua ya ahirisho ndiyo yenye muda wa mwisho, hivyo ianzeni wiki hii, na aisaini mwenyewe.